Mrejesho: Alteneta ya mtumba kwenye Corolla ya mwaka 1998

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ni busara kufunga alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ya mtumba kwenye Toyota Corolla yangu ya mwaka 1998, ambayo taa ya betri ilikuwa ikiwaka nikiwa njiani, na wengi mlinishauri niikague vizuri kabla ya kulipa. Nilikwenda kwa wauza vipuri Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa na alteneta ya zamani mkononi ili nilinganishe plagi, puli na matundu ya bolti, jambo lililoniokoa, kwa sababu ya kwanza niliyopewa ilifanana kwa umbo lakini plagi yake ilikuwa tofauti. Ya pili ilizunguka bila kukwaruza. Hata hivyo, fundi alishauri tubadilishe kabisa kaboni (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) na beringi, kwa kuwa hizo huchakaa na hakuna ajuaye gari ilikotoka lilitembea kiasi gani. Injini ikiunguruma, mita sasa inaonyesha volti 14.1 kwenye betri, yaani inachaji. Awali zilikuwa 12.2 tu. Mkanda nilinunua mpya, maana kwa vitu vya mpira siamini mtumba. Muuzaji alinipa siku saba za kurudisha, kwa maneno tu, na zimebaki mbili.