Tupeane uzoefu: mlimleaje mtoto wa mbwa aliyezaliwa mdogo kupita wenzake?

Mama Kuku, Iringa (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kukesha na mtoto wa mbwa kiganjani wakisikiliza kama bado anapumua. Mlifanya nini akapata nguvu? Na alipoanza kutembea, mlimlindaje? Naanza na wa kwangu.

Mbwa wetu wa kienyeji alizaa wiki sita zilizopita, watoto saba. Sita walikuwa na gramu 300 kwenda juu. Wa saba, dume, alikuwa na gramu 160 kwenye mizani yangu ya unga wa keki. Tukamwita Tone. Ilikuwa ile baridi yetu ya Juni, na asubuhi nilimkuta nje ya gunia, mama yake kamsukuma pembeni, mwili umepoa kabisa.

Nilikimbilia maziwa. Nikamnywesha kwa kijiko, yakamtokea puani. Mzee jirani yangu, aliyefuga mbwa wa kuwinda tangu ujana wake, akanishika mkono: "Mwanangu, tumbo la baridi halipokei kitu. Mpe joto kwanza." Daktari wa mifugo alinieleza baadaye kwamba mtoto wa mbwa siku za mwanzo hajui hata kutetemeka, hawezi kujipasha mwenyewe. Akipoa, utumbo unasimama kufanya kazi. Maziwa unayompa yanalala tumboni au yanapita njia ya hewa hadi mapafuni.

Mwanangu wa pili alizaliwa njiti, kwa hiyo kubeba kangaruu nakujua. Nikamweka Tone kifuani, ngozi kwa ngozi, nikajifunga kanga, nikakaa hivyo karibu saa nzima. Alipoanza kuhangaika na mdomo akitafuta ziwa, ndipo nikamrudisha kwa mama yake, kwenye chuchu za nyuma ambazo huwa na maziwa mengi, nikawaondoa wakubwa wanne kwa dakika kumi. Nilitaka apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, siku ileile, maana kinga ya mama hupita kwenye utumbo wa mtoto katika ile siku ya kwanza tu.

Baada ya hapo ikawa kazi ya saa. Kila saa mbili alarmu ya simu inalia, usiku na mchana. Chupa ya maji ya moto niliivingirisha kitenge nikaiweka upande mmoja wa boksi, ili akisikia joto limezidi ajisogeze. Maziwa ya ng'ombe ya kuongezea nilimpa kwa bomba la sindano la mililita moja, bila sindano, tone kwa tone, akiwa amelala kifudifudi. Asinyweshwe chali kama mtoto wa binadamu, atapaliwa. Daktari aliniambia maziwa ya mbwa yana mafuta zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe, kwa hiyo nisiyatie maji hata kidogo, na kwenye kikombe niongeze kiini cha yai. Alisema ni ya kuvushia siku chache tu, si chakula cha kudumu. Kama yangepatikana ya unga ya watoto wa mbwa angenipa hayo. Kila baada ya kula nilimfuta chini ya mkia kwa pamba yenye maji vuguvugu, maana wiki za mwanzo hawakojoi wenyewe mpaka mama awalambe, na mama yake alikuwa kamsusa.

Kilichonituliza moyo ni daftari. Siku ya kwanza 160. Ya pili 155, nikalia. Ya tatu 157. Ya nne 166. Wenzake walifikisha uzito maradufu siku ya kumi; yeye siku ya 17. Macho alifungua siku ya 15. Leo ana gramu 1,100, wenzake wanakaribia kilo mbili. Anakula, anabweka, na ana hasira ya simba.

Sasa ndiyo hofu yangu mpya: anatembea. Kuna kuku, kuna watoto, kuna kaka zake wanaomkanyaga. Naombeni uzoefu wenu.

Kijana wa Eldoret

Hongera sana mama. Swali moja tu: umempa dawa ya minyoo?

Nauliza kwa sababu mimi nilidanganywa na tumbo. Kajibwa kangu, ka mwisho kuzaliwa, kalikuwa na tumbo la duara kama ngoma, nikasema kameshiba vizuri. Lakini ukipitisha kidole mgongoni unahesabu mifupa, na fizi zilikuwa nyeupe. Daktari alipokapa dawa, kesho yake minyoo ilitoka kama tambi. Wanazaliwa nayo, mama huwaambukiza wakiwa bado tumboni na tena kwa maziwa. Tangu hapo natoa dawa wakiwa na wiki mbili, halafu nne, sita na nane, na mama mtu naye anapewa. Kipimo ni kwa uzito. Wa gramu mia tano hapewi sawa na wa kilo mbili eti kwa sababu ni ndugu.

Na viroboto. Usiwaone wadogo, kwa mbwa wa ukubwa huo wanaweza kummaliza damu. Hapa ndipo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilienda agroveti nikauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaambiwa punguza tu. Nilipunguza. Ndani ya saa moja kajibwa kalikuwa kanatoa mate, kanatetemeka, miguu haishiki. Tulikaosha kwa maji mengi ya vuguvugu na sabuni, tukakimbia kwa daktari. Kalipona, lakini niliona kifo. Kwa mtoto wa wiki chache tumia maji, sabuni isiyo kali, kitana cha meno madogo, na mkono wako. Kisha kakaushe mara moja. Matandiko chemsha.

Shangazi wa Tabata

Mimi wangu hakuzaliwa dhaifu, ni wa mbegu ndogo, Chihuahua. Akiwa na miezi miwili na nusu hakufika kilo moja. Nawaandikia wenye hawa wadogo wa asili maana hatari zao ni nyingine.

Asubuhi moja nilimkuta amelala ubavu, macho yapo wazi lakini hanioni, shingo imelegea. Jana yake jioni tulikuwa na wageni, akala kidogo kwa kuchangamka, akalala bila kushiba. Daktari aliniuliza kwa simu nina nini ndani. Asali. Akaniambia nimpake kwenye fizi kwa kidole, nisimmiminie mdomoni, nimfunike, nimlete. Tukiwa njiani kwenye bajaji akainua kichwa. Sukari ilikuwa imeshuka. Mbwa wa ukubwa ule hana akiba mwilini, ini lake dogo, misuli hana, akikosa mlo mmoja tu ameisha. Mpaka alipofika miezi sita nilimpa milo minne, wa mwisho kabla sijalala, na mkoba wangu haukukosa glukosi.

La pili, mifupa. Aliruka kutoka kwenye kochi akavunjika mguu wa mbele. Kochi la kawaida tu, jamani. Ile mifupa ya mbele ni myembamba kama njiti za kuchomea mishikaki. Alikaa na bandeji ngumu wiki sita. Baada ya hapo nilitandika mikeka sebule nzima maana marumaru inateleza, nikamtengenezea ngazi ya mito, na watoto wakawekewa sheria: anayetaka kumbeba akae chini kwanza. Kamba yake siifungi shingoni, namvalisha mkanda wa kifuani. Wadogo hawa koromeo lao linaminyika, unasikia wakikohoa kama bata.

Na utosi! Wengine wana utosi laini kama wa kichanga hata wakikua. Ukiugusa ukakuta pamebonyea, waambie watoto wote wa nyumba, wasimpige hata kwa mchezo.

Mkulima wa Machame

Yangu ina majonzi lakini lazima niiseme.

Nilimlea mmoja kama Tone, kuanzia gramu mia na themanini. Wiki saba akawa mzuri hasa. Nikaona fahari, nikambeba hadi sokoni kwa mdogo wangu awaone watu na watu wamwone. Akatembea chini, akanusanusa. Hakuwa amechanjwa. Siku ya tano akaacha kula, ya sita akatapika, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo mwenye kuijua haisahau. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa. Tulimwekea maji ya dripu siku mbili. Alifariki alfajiri, kwenye koti langu.

Nilichojifunza baada ya kuchelewa: ile kinga ya dang'a aliyoisema mama hapo juu huanza kuisha hapa katikati, wiki ya sita hadi ya kumi na kitu, na hakuna ajuaye siku yenyewe. Ndiyo maana chanjo haipigwi mara moja. Inaanza wiki ya sita au ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ukiishia ya kwanza hujamaliza. Na virusi vile vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji niliisafisha nikaiosha kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, nikaiacha dakika kumi. Uani sikuweza kufanya kitu. Nilikaa mwaka na nusu bila mbwa.

Kwa hiyo mama Kuku, Tone asishuke chini barabarani. Mbebe. Viatu vya wageni viachwe nje ya geti.

Mama Kuku

Pole sana kaka Mkulima. Nimesoma mara mbili. Chanjo sijampa, nilikuwa nasubiri aongezeke uzito kwanza nikidhani ni mdogo mno.

Mkulima wa Machame

Shukrani dada. Muulize daktari wako, lakini mimi niliambiwa kinachoangaliwa ni umri na afya. Udogo peke yake si sababu ya kusubiri.

Mvuvi wa Mwanza

Nguvu inatoka kwenye chungu, wakuu. Wengi tunawalea kwa ugali na mchuzi, halafu tunashangaa miguu imepinda. Wa kwangu alipinda akiwa na miezi mitatu. Daktari hakunipa sindano hata moja, alinibadilishia chakula. Dagaa zetu hizi, zilizooshwa mchanga vizuri, zikaushwe, zitwangwe pamoja na mifupa yake, ziingie kwenye uji mzito. Yai la kuchemsha mara kwa mara. Nyama au maini kidogo. Ugali uwe wa kusindikiza. Wenye uwezo wa chakula cha mbwa cha dukani, loweka kwa maji ya vuguvugu mpaka kilainike, na kiwe kile cha watoto. Nilitaka kuongeza vidonge vya kalsiamu, akanikataza, akasema ikizidi nayo inaharibu mifupa.

Mchuzi wenye vitunguu usimpe, unaharibu damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, ni visu. Na akipata homa usimkatie Panadol hata robo.

Binti wa Njombe

Mama Kuku, angalia juu. Sisi mwewe alishuka mchana kweupe, kuku wakakimbia, akamrukia mtoto wa mbwa wa wiki tano. Mama yake alikuwa karibu, ndiyo salama yake. Alibaki na matundu mawili mgongoni. Sasa wanacheza chini ya banda lenye wavu.

Shangazi wa Tabata

Naongeza: maji. Ndoo na beseni za kufulia zifunikwe. Mbwa wa kilo moja anazama kwenye beseni tunaloloweka nguo. Na dawa ya panya ndani ya nyumba, iondoeni kabisa, hata ile iliyo nyuma ya kabati.

Mama Kuku

Wapendwa, nimerudi na habari. Nimefanya hivi: lile banda la zamani la vifaranga, lenye wavu juu, nimelisafisha nikatandika mkeka na magunia. Tone anacheza humo na dada yake mmoja tu, yule mpole, kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Wale vibonge wanne wanasubiri zamu. Kula anakula peke yake, mara nne. Kijana wa Eldoret, dawa ya minyoo alipata ya wiki mbili na ya nne, ya leo nilikuwa nimeisahau; nakushukuru kwa dhati. Mzee jirani kaniletea dagaa nusu kilo bila kuombwa.

Daktari amekuja nyumbani jana. Amemsikiliza moyo na mapafu, akamtazama fizi, akasema hana sababu ya kumcheleweshea, akamchanja pamoja na ndugu zake wote. Tunarudia baada ya wiki tatu, na ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu. Alilia kidogo tu, kisha akalala ndani ya kanga yangu, ileile ya siku ya kwanza. Hatoshi tena, miguu ya nyuma inaning'inia.

Asubuhi hii: gramu 1,230.