Ripoti za "matokeo ya kujifunza yamefikiwa" ni usanii mtupu

Wakuu, nimechoka, leo nasema.

Kila mwisho wa semista sisi wahadhiri tunaletewa fomu: je, matokeo ya kujifunza ya kozi yako, yaani yale mwanafunzi anayopaswa kuweza kuyafanya akiimaliza, yamefikiwa? Unajaza asilimia ya waliofaulu, unatia tiki, unasaini. Kitengo cha udhibiti ubora kinaridhika, na wakaguzi wa ithibati wakija wanakuta faili limenona.

Hebu nieleweshwe: kufaulu na kufikia matokeo vimekuwa kitu kimoja tangu lini? Chukua mtihani wa maswali matano, mtu ajibu matatu. Kozi ina matokeo manne. Swali pekee linalopima uchambuzi wa data ndilo gumu, kwa hiyo nusu ya darasa wanaliruka na kuondoka na B zao. Fomu inasema wamefikia yote manne. Wameyafikia wapi, na swali lenyewe hawakuligusa?

Halafu soma muhtasari wa kozi! "Mwanafunzi ataweza kutathmini, kuhakiki, kubuni..." Ngazi za kufikiri za mwanaelimu Benjamin Bloom za 1956, zinazoanzia kukumbuka tu na kupanda hadi zile ngumu, pamoja na marekebisho ya 2001, tumezinakili hadi juu kabisa. Fungua mtihani sasa: "Taja sifa tano za..." Anayekesha na madesa usiku mmoja anaondoka na A. Mwanaelimu John Biggs alishaandika mwaka 1996 kwamba matokeo, ufundishaji na upimaji vishikamane. Tunamnukuu kwenye utangulizi wa mtaala, kisha tunatunga maswali yaleyale.

Kazi za kikundi ndiyo usiseme. Mmoja anaandika, wengine wanaongeza majina, wote eti wana "stadi za ushirikiano".

Na lile dodoso la "unahisi umejifunza?" Mhadhiri mcheshi mwenye mtihani mwepesi atapewa tano kwa tano. Maoni yana kazi yake, sikatai, ila si ushahidi kwamba mtu anaweza kufanya kitu.

Nilipendekeza kikaoni jambo dogo tu: kila swali lijulikane linapima tokeo lipi, alama zirekodiwe swali kwa swali, na watu wawili wasome sampuli ya skripti kwa vigezo vilivyoandikwa. Nikaambiwa hakuna muda. Wa kujaza fomu upo!

Kama kuna mtu humu chuoni kwake ripoti hizi zimewahi kubadilisha japo swali moja la mtihani, aje aseme ilikuwaje.