Naomba ushauri: miguu ya mgonjwa wa moyo ilinywea huku uzito ukipanda

MuuguziMgeni

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muuguzi, nina miezi minne tangu nipangiwe wodi ya magonjwa ya ndani ya watu wazima, na kuna jambo linaninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Alilazwa akiwa amevimba miguu hadi magotini, akaanzishiwa furosemaidi ya kutoa maji, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka hakutoka kitandani kwa siku tatu, isipokuwa tulipomsimamisha kwenye mizani. Kila asubuhi nilibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, na kila asubuhi shimo lililobaki lilikuwa dogo kuliko la jana, hivyo nikaandika kwenye faili kwamba uvimbe unapungua. Mizani ilisema jambo jingine: kilo 64.2, kisha 65.1, kisha 66.9. Nikaipuuza, kwa kuwa siku ya tatu tulimpima akiwa amekwisha kula. Usiku huohuo aliamka akihema, akaketi ukingoni mwa kitanda asiweze kumaliza hata sentensi moja. Daktari wa zamu aliwahi, na mzee anaendelea vizuri, lakini najiuliza maji yale yalikuwa wapi, na ni wakati gani nilipaswa kumwita daktari.

SistaMkongwe

Pole sana, mdogo wangu. Maji hufuata mteremko. Mtu anayeshinda ameketi au amesimama huvimba vifundo vya miguu. Akilala siku nzima, maji yaleyale huhamia sehemu ya chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio. Mgonjwa wako hakupungua uvimbe, bali uvimbe ulihama, na wewe ukaendelea kuutafuta ulipokuwa zamani.

Kwa mgonjwa wa kitandani, mgeuze alale ubavu, kisha bonyeza taratibu sehemu hiyo ya mgongo kwa sekunde chache. Mara nyingi hata kabla hujabonyeza utaona mikunjo ya shuka imejichora kwenye ngozi kama mistari ya kiganja, na ukiiona usiipite. Ngozi iliyojaa maji huchubuka upesi, kwa hiyo ni hapohapo vidonda vya mgandamizo hupenda kuanzia. Mgeuze angalau kila baada ya saa mbili, na kila unapomgeuza itazame ngozi hiyo kwa mwanga wa kutosha.

ZamuYaUsiku

Nakubaliana na Sista, nami niongezee kuhusu mizani, kwa sababu naona ndiyo iliyokuwa ikikupigia kelele. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mwili hauwezi kutengeneza karibu kilo tatu za nyama au mafuta kwa siku mbili, basi ongezeko la namna hiyo kwa mgonjwa wa moyo ulichukulie kuwa ni maji mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo chenyewe kiwe na masharti: asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa mizani ileile na nguo za uzito uleule. Ukikitilia shaka, rudia kesho yake kwa masharti hayo, lakini usikifute moyoni. Ongezeko la zaidi ya kilo mbili katika siku tatu linatosha kumwita daktari, hata kama mgonjwa anakuambia hajambo.

Unapompigia, usiseme tu kwamba mgonjwa hayuko vizuri. Mpe uzito wa siku zote tatu, kiasi alichokunywa na alichokojoa, kasi ya pumzi, na idadi ya mito anayolalia. Aliyekuwa akilalia mto mmoja na sasa anaomba mitatu amekwisha kukueleza hali ya mapafu yake.

MjukuuMlezi

Samahani kwa kuingilia, mimi si mhudumu wa afya. Bibi yangu ana tatizo hilohilo, nasi humwinulia miguu juu kila jioni na kumkanda. Je, tunakosea?

SistaMkongwe

Mjukuu, kuinua miguu kuna wakati wake, lakini anapohema, maji yanayotoka miguuni hurudi kwenye damu na kuuongezea moyo mzigo. Mketishe mgongo ukiwa umeegemezwa, na mpelekeni hospitali bila kukawia. Kukanda acheni kabisa ikiwa mguu umevimba upande mmoja tu na unauma, kwa kuwa huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likichomoka huweza kufika kwenye mapafu.

MuuguziMgeni, kuna swali moja ningependa umuulize mzee: anameza dawa gani nyingine ambazo hazimo kwenye faili lako? Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, na huipunguzia nguvu hiyo furosemaidi mnayompa.

MuuguziMgeni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Leo asubuhi nimemgeuza, nikaona mistari ya shuka kama Sista alivyosema, ingawa shimo sasa ni dogo. Kisha nikamuuliza kuhusu dawa nyingine. Akafungua kabati lake na kunionyesha karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Mwanawe alimletea kwa ajili ya magoti siku ya pili ya kulazwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimemjulisha daktari, vidonge vimeondolewa, na uzito wa leo kabla ya kula ni kilo 63.8.