Tupeane uzoefu: vitu vya ibada ya Wahindu na maana mliyoelezwa na wenyewe

Wadau, habari zenu. Mliowahi kuishi, kusoma au kufanya kazi na Wahindu, ni kitu gani cha ibada yao mlikiona, na wenyewe waliwaeleza kina maana gani? Naomba tuandike tulichoelezwa na wahusika, siyo ya vijiweni. Ile kauli ya "wanaabudu masanamu" inawaumiza watu tunaoishi nao mtaa mmoja.

Naanza mimi. Niliajiriwa dukani kwa familia ya Kigujarati, Kisutu, Dar. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, mama mwenye duka aliwasha utambi wa pamba uliolowa samli, akauzungusha mbele ya picha za Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, na Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema, kisha akapitisha viganja juu ya mwali na kujipaka usoni. Aliniambia mwali ni nuru ya Mungu, na kila aliyepo anastahili kuondoka na fungu lake.

Diwali, sikukuu yao ya taa, ndiyo iliyonigusa zaidi. Daftari jipya la hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi, na ukurasa wa kwanza hauandikwi mauzo wala deni. Huchorwa swastika kwa unga mwekundu. Nilishtuka, maana niliijua kwa habari za Hitler tu. Mzee akanieleza kwamba kwao ni alama ya heri, ya kale kuliko Hitler kwa maelfu ya miaka.

Mdau wa Mombasa
Asante kwa kutuuliza wenyewe, mimi ni Mhindu. Nyumbani tuliambiwa hivi: nazi inayopasuliwa hekaluni ni nafsi ya mtu. Kifuu kigumu ni kiburi, lazima kivunjike ndipo weupe wa ndani uonekane. Karafuu maiti tunaiwasha kwa sababu inaungua yote bila kuacha majivu, na ndivyo tunavyoomba ubinafsi wetu uishe. Kengele unaigonga unapoingia ili akili iache ya sokoni. Liwa kwenye paji la uso ni ya kutuliza fikra. Familia nyingine watakupa maelezo tofauti, na hawajakosea.

Mdau aliyesoma Pune, India
Kuhusu sanamu, mimi nilipata jibu kwenye sikukuu ya Ganesh. Pune wanaienzi sana. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, ndiye aliyeipa nguvu kama sherehe ya hadhara mwaka 1893, enzi za Mwingereza. Mama mwenye nyumba wangu alinunua Ganesh wa udongo, mdogo wa kubebeka mkono mmoja. Kwanza ilisomwa dua ya kumkaribisha Mungu ndani yake. Akapewa maua, majani ya nyasi na vitamu kama mgeni wa heshima. Siku ya kuaga ikasomwa dua nyingine, kisha wakamzamisha kwenye ndoo uani. Taratibu mkonga ukalainika, ukakatika, mwishowe ikabaki tope, nayo wakaimwagia mimea. Watoto walilia! Mama akawaambia udongo ulikuwa kiti tu, mgeni amekwenda kwao na mwakani atarudi. Tangu hapo sikubali mtu aniambie wale wanaabudu udongo.

Mdau wa Dar
Na ile ndimu yenye pilipili saba inayoning'inizwa mlangoni mwa maduka?

Mdau wa Mombasa
Hiyo ni kinga ya husuda, ndugu yangu. Haimo kwenye ibada ya hekaluni.

Mdau wa Dar
Nimekupata. Harusi ya jirani zetu Wagujarati, maharusi waliuzunguka moto mara nne. Mbona wengine husema saba?

Mdau wa Mombasa
Inategemea mila za kwenu. Wagujarati wengi ni nne: wajibu, riziki, mapenzi na kukombolewa kwa roho. Kaskazini mwa India hutembea saba. Moto wenyewe ni Agni, mungu wa moto, ndiye shahidi wa ndoa, ndiyo maana hauzimwi kabla viapo havijakamilika. Aliyeshuhudia harusi ya Watamil, wale wa kusini mwa India, atuletee nasi tujifunze.