Mjadala: Jiji la Dodoma lizuie ujenzi kwenye mkondo wa Kinyasungwe Mdogo, au liache watu wajenge?

Wadau, naomba tulijadili hili sasa, kabla masika hayajatujadilia wenyewe. Upande wa kaskazini wa mji, kuanzia Msalato na Veyula kuelekea Makutupora na Mzakwe, viwanja vinatafutwa usiku na mchana. Uwanja wa ndege wa Msalato uko huko, na barabara ya mzunguko wa nje, yenye kilomita 112.3, inapita Veyula. Dalali anakuonyesha tambarare nzuri isiyo na jiwe, bei poa, barabara jirani. Hakwambii kwamba bonde hilo, la mto Kinyasungwe Mdogo, ndilo linalotuletea maji bombani.

Msimamo wangu ni huu: Halmashauri ya Jiji isipime kiwanja wala kutoa kibali cha ujenzi kwenye mkondo wa mto ule na mbuga yake yote ambayo mafuriko hutandaa, hata pale panapozidi mita 60 kutoka ukingoni. Na mwenye haki ya ardhi ndani ya eneo hilo alipwe kwanza, ndipo aambiwe aondoke.

Wengi wanaona mto huu si mto. Ukipita Agosti unakuta mchanga mkavu, ng'ombe wanavuka, watoto wanacheza. Dodoma tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa hunyonywa na jua na mimea kabla haijafika chini. Visima vya Mzakwe, vilivyo katika bonde hilohilo la Makutupora na ndivyo vinavyotunywesha mjini, haviishi kwa mvua ya kawaida. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Climate Change, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya Makutupora, ulionyesha kwamba misimu saba tu yenye mvua kubwa zaidi ilichangia takribani asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake ulileta karibu asilimia 20. Katikati ya misimu hiyo kina kinashuka tu, mwaka baada ya mwaka, huku pampu zikivuta.

Tafakari maana yake. Mafuriko tunayoyalaani ndiyo yanayojaza ghala letu. Maji yakishuka kwa wingi hutandaa mbugani, hupungua kasi na kuzama kwenye mchanga. Ukijaza pale nyumba, kokoto na lami, yatapita juu juu, yabomoe kuta za watu kisha yaende zake kuelekea Gulwe na Kilosa, ambako reli imeshateseka vya kutosha. Kuzungushia visima uzio hakusaidii kitu kama mahali maji yanapoingilia pamejengwa.

Halafu kuna vyoo. Mitaa mipya ya pembezoni haina mfumo wa majitaka, kila nyumba inachimba shimo lake. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti: tunachimba vyoo juu ya maji tunayokunywa.

Sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mto wa mchanga ukingo wake ni upi? Mwaka wa ukame uko hapa, mwaka wa mvua kubwa uko mbali kabisa. Kupima mita 60 wakati wa kiangazi ni kujidanganya. Lifuatwe eneo lililofunikwa na maji miaka ya mvua kubwa, na wazee wa vijiji vile wanalijua hatua kwa hatua.

Wapo wanaosema mji umekua, watu wakaishi wapi? Ni kweli umekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Ila Dodoma haina uhaba wa ardhi. Ihumwa, Nala, Matumbulu, kote huko watu wanajenga bila kugusa bonde hili. Ongezeko hilohilo la watu ndilo linalotulazimisha kulilinda, maana wote hao wanakunywa.

Wengine wanasema yasubiriwe maji ya Ziwa Victoria na Bwawa la Farkwa. Yaje, tunayahitaji. Lakini maji ya kusukumwa kutoka mbali yana gharama ya umeme kila siku, na bwawa la wazi hapa kwetu linanyonywa na jua na kujaa tope. Hombolo, lililojengwa 1957 kwenye mto huuhuu, linatuonyesha hilo. Maji yaliyo chini ya ardhi hayakaushwi na jua.

Hoja inayonisumbua ni ya haki. Tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ivunjwe mwaka 2017 na kazi zake kupewa halmashauri, migogoro ya viwanja haijaisha. Kuna mama amenunua robo eka kwa karatasi ya kuandikishana, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, akajenga vyumba viwili kwa fedha ya vikoba. Kumpigia X nyekundu ukutani na kumwachia hasara yote ni dhuluma, wakati aliyemuuzia na aliyegonga muhuri wapo na wanaendelea kula. Na X hiyo isiishie kwenye vibanda huku kituo cha mafuta au ukumbi wa mkubwa ukiachwa ndani ya mbuga ileile. Zuio la namna hiyo nitalipinga mimi wa kwanza.

Kwa hiyo naomba tuanzie hapa, hasa mnaofanya kazi za ardhi na nyinyi madiwani mnaosoma: Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Huyu mama asiye na hati, mwenye karatasi yenye muhuri tu, mtamweka kundi gani? Na fedha ya kumlipa itoke kwenye bajeti ya Jiji, au sisi tunaokunywa maji ya Mzakwe tuchangie kupitia ankara? Mimi niko tayari kuchangia. Wewe je?