Naomba ushauri: Kamati ya Bunge ilituunga mkono, wizara imenyamaza

Hamjambo ndugu zangu. Wenye kuzijua kanuni za Bunge la Kitaifa hapa Kenya, nisaidieni.

Kijiji chetu kiliwasilisha ombi bungeni kwa Kifungu cha 119 cha Katiba, kuhusu fidia ya mashamba yaliyochukuliwa barabara ilipopanuliwa. Kamati ilikuja hadi kwetu, ikakaa na wazee chini ya mwembe, na ripoti yake ikapendekeza wizara ihakiki orodha upya, walioachwa walipwe. Siku hiyo vigelegele vilipigwa kama harusini. Huu sasa ni mwezi wa 9 tangu hapo, kimya.

Ninavyoelewa, Bunge likishapitisha ripoti, waziri ana siku 60 za kueleza alichofanya. Nimeandika barua 2, nakala zote zina muhuri wa kupokelewa. Nilipokwenda mwenyewe, karani wa mapokezi alinionyesha rundo la mafaili lililofungwa kamba, akasema letu "liko kwa mkubwa". Mbunge wetu naye hushika simu msimu wa kura tu, tumwache.

Maswali yangu ni 2. Ripoti iliwekwa mezani, lakini kwenye Hansadi (kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge) sioni mahali ilipopitishwa: je, zile siku 60 zimeanza kuhesabiwa kweli? Na tukitaka Kamati ya Utekelezaji, ile inayofuatilia maazimio ya Bunge, imwite waziri, raia anaweza kuiandikia mwenyewe kupitia Karani wa Bunge, au lazima mbunge ndiye aombe?

Aliyewahi kulipitia hili aniambie alianzia wapi. Nakala ya ripoti ninayo, anayetaka kuisoma nitamtumia.