Kuna watu hawafai kupewa usukani, WALA LOKI YA MLANGO

Wakuu, naandika haraka haraka kabla hasira hazijapoa, maana nikilala nazo nitaamka nimesamehe na huyu mtu hastahili. Simtaji. Mnamjua. Yule yule wa kila shughuli hapa Vegas, anayeshika maiki bila kupewa, anayekusanya mchango kabla hujajua nani kafa au nani kaoa. Hadi hapa sura yake mmeshaiona.

Basi Jumamosi katuamsha alfajiri eti twendeni Goldfield, kale kamji ka zamani ka dhahabu jangwani, kuna hoteli ina mizimu, mtakuja kunishukuru. Gari la kwake, watu tumejazana, mimi siti ya nyuma kabisa nimekumbatia boksi la barafu, mama mkwe wangu siti ya mbele. Kumbukeni hilo la mama mkwe. Barabara ya 95 kwenda kaskazini, masaa matatu ya kutazama kitu ambacho dakika tano tu zinakutosha: mchanga, mlima, mchanga, lori, mchanga. Njia nzima anahubiri.

Mimi mwenyewe kilichonipeleka sio mizimu, ni Joe Gans. Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Marekani kushika ubingwa wa dunia wa ngumi, na pale Goldfield Septemba 1906 alipigana na Battling Nelson raundi 42. AROBAINI NA MBILI, juani, jangwani, mpaka Nelson akapiga chini ya mkanda akaondolewa. Nikamwomba kiongozi wetu tusimame nitafute hata kibao nipige picha. Akasema ngumi tutaangalia kwenye Yutyubu.

Tukafika hotelini. Wakuu, hoteli IMEFUNGWA. Na sio imefungwa kwa korona, sio leo Jumamosi, imefungwa tangu miaka ya arobaini vita ya Hitla ilipoisha! Ghorofa nne za mawe na matofali, 1908, zimesimama kwenye kona na kufuli, na sisi watu wazima na heshima zetu tumebandika mapua kwenye vioo kuchungulia giza. Yeye anatangaza "mle ndani chumba 109 mwanamke anaitwa Elizabeth alifungwa mnyororo kwenye bomba la joto akiwa mjamzito, usiku analia". Watoto wakaanza kulia wao.

Nikazunguka nyuma ya jengo kidogo kukwepa upepo, maana kule juu kuna upepo unaotaka kukuvua nguo. Narudi, wote wako ndani ya gari, injini inaunguruma. Nikagonga kioo. Akanitazama. Wakuu, ALINITAZAMA, macho kwa macho, sio kwamba hakuniona. Kisha akabonyeza loki. KTAK. Akawageukia waliokaa akasema: "Msifungue! Huyo ndo mzimu wenyewe wa hoteli."

Na mama mkwe akacheka.

Mama mkwe! Ambaye tangu ashuke eapoti hajawahi kunionyesha jino hata moja, ambaye nikimwamkia anaitikia kwa mabega, leo kacheka mpaka kashika dashibodi. Na gari likaondoka. Taratibu, mwendo wa harusi, mimi nakimbia nyuma yake katikati ya barabara kuu ya nchi, mzee mmoja wa kizungu kibarazani ananipungia mkono kama vile ni kawaida. Kila nikifika kwenye kitasa anasogea mbele kidogo. Na mtu anarekodi. Iko kwenye status za watu saivi.

Mji wenyewe uliwahi kuwa na watu elfu ishirini, mkubwa kuliko yote Nevada, leo hawafiki 300, na katika hao 300 wote hakuna aliyetoka kunisaidia. Narudia, aliniangalia KWANZA ndo akabonyeza. Hebu niambieni mtu wa hivi kweli ni binadamu?

Kisonoko1: Chai. Weka video.

MpwaWaTandale: Mkuu pole sana, swali moja tu. Shati ulilovaa ni lile jeupe linalofika magotini?

Mleta uzi: Shati halihusiani na mada.

MpwaWaTandale: Basi nimepata jibu langu. Hata mimi ningebonyeza.

BintiKibokoni: Mwenzangu mimi nataka kujua huyo mama mkwe alicheka vipi, kwa meno ama kwa pumzi? Maana kama ni kwa meno we shukuru Mungu, mie wangu huu mwaka wa ngapi sijui hata sauti yake kwa simu siijui vizuri. Huyo bwana kakufanyia hisani na wewe waja kulia hapa.

Mleta uzi: Hisani gani dada yangu, KTAK ile bado naisikia masikioni.

MzeeWaTakwimu: Ndugu mleta uzi, tuweke rekodi sawa. Dhahabu iligunduliwa pale 1902. Hao elfu ishirini ni mpaka kama 1907, mwisho wa mwaka huo wachimbaji na wenye migodi walizozana hadi Rais Roosevelt akapeleka wanajeshi. Sababu mojawapo ni kwamba wachimbaji walikuwa wanatoka na mawe ya dhahabu yamefichwa kwenye nguo, wenye migodi wakaweka vyumba vya kubadilishia ili wawapekue. Baadaye dhahabu ikapungua, 1913 mafuriko, 1923 moto ukala sehemu kubwa ya mji. Hoteli ikapona. Habari za huyo Elizabeth ni hadithi tu, hakuna ushahidi. Na kama mlitaka hoteli ya mizimu, mngeendelea mbele kama kilomita 42 tu mpaka Tonopah, pale kuna Mizpah, ya 1907, nayo wanasema ina mwanamke wa nguo nyekundu ghorofa ya tano, na iko WAZI, inapokea wageni, unakula na kulala.

Mleta uzi: IKO WAZI???

MzeeWaTakwimu: Tangu 2011 ilipofunguliwa upya.

Mleta uzi: Naomba dakika nikanywe maji.

Kisonoko1: Hahaha mzee kamuua kabisa.

ShangaziWaDallas: Kwani hamkufika makaburini? Si pana kaburi pale la mtu asiyejulikana, wameandika alikufa kwa kula gundi ya maktaba, Julai 1908.

Mleta uzi: Tulifika, shangazi. Yaani tulisimama makaburini dakika arobaini kusoma kaburi la mla gundi, lakini kwa Joe Gans hakuna muda. Na pale makaburini ndo akarudia tena ile stori ya loki, kwa sauti, huku anaigiza KTAK kwa ulimi.

MpwaWaTandale: Mla gundi angalau wamemwandika. We jina lako wameliandika wapi?

LikasiPhoenix: Pole ndugu yangu. Miye nimetoka Likasi, miji ya migodi naijua, mugodi ikilala na muji inalala, haiko mizimu, ni njaa tu. Lakini ule mutu munayesema namujua muzuri. Alikuja huku Phoenix kwa matanga akaketi mbele kama ndugu ya marehemu, akakamata daftari ya michango. Mpaka leo daftari hatujaiona.

ShangaziWaDallas: Daftari la kijani?

LikasiPhoenix: Ndiyo mama.

ShangaziWaDallas: Lilikuwa langu! Nilimwazima kwenye kitchen pati ya mwanangu. Na hotpoti yangu kubwa ya bluu aliondoka nayo siku hiyo hiyo eti anampelekea pilau mgonjwa. Mgonjwa gani anakula hotpoti ya lita kumi?

BintiKibokoni: Haki ya Mungu hotpoti ya bluu naikumbuka, alikuja nayo Vegas kwa futari mwaka jana akasema ni ya mkewe.

Mleta uzi: Samahani wakuu, tunaweza kurudi kwenye mada? Alinitazama machoni akabonyeza loki.

Kisonoko1: Mkuu tulia kwanza, hili la hotpoti ni zito.

UncleWaKigamboni: Mimi sinia langu la shaba. La bibi. Limevuka bahari likiwa limefungwa kwenye kanga, likapita uwanja wa ndege, likaja kupotelea mikononi mwa mtu mmoja kwenye bethidei ya mtoto wa miaka miwili. Nikimuuliza ananiambia "mjomba sinia ni sinia". Sinia ni sinia!

MzeeWaTakwimu: Nyongeza kidogo. Pale Goldfield pia pana msitu wa magari, zaidi ya 40, yamechimbiwa ardhini pua chini, watu wanayapaka rangi. Ni sanaa.

UncleWaKigamboni: Mzee hakuna aliyeuliza. Sinia liko wapi?

MpwaWaTandale: Labda kalichimbia huko na magari.

Mleta uzi: Ile siku, ndani ya lile boksi la barafu nililokumbatia masaa matatu, kulikuwa na hotpoti. Ya bluu. Ilinichubua goti.

ShangaziWaDallas: WE! Mfuniko wake una ufa upande wa kushoto?

Mleta uzi: Ufa upo, nadhani, sikuangalia sana nilikuwa nabanwa. Lakini shangazi hujasema chochote kuhusu loki.

ShangaziWaDallas: Mwanangu loki tutaongea. Sasa sikiliza, unajua anapoegesha lile gari? Boksi bado limo?

BintiKibokoni: Huwa halitoi, hukaa nalo nyuma mwaka mzima.

LikasiPhoenix: Mama, akilifungua muangalie na daftari.

UncleWaKigamboni: Na chini ya zulia la buti. Sinia ni pana lakini jembamba, linaingia.

Mleta uzi: Gari lina loki.